Maji Hufuata Chumvi

Dar es Salaam, 4 Machi 1974

Bibi yangu Biubwa,

Shikamoo. Mimi mzima, uuguzi naupenda ila vitabu vizito. Hali yako? Mama kaniambia miguu imekuvimba, na ukipanda barazani unahema. Bonyeza kidole mguuni, kisha uachie. Shimo likibaki, hayo ni maji. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji huvuja kwenye vijishipa yakatuama miguuni. Na maji hufuata chumvi iliko. Yule papa mkavu wa chumvi anayazuia mwilini. Muache, Bibi, nenda hospitali.

Mjukuu wako,
Mwaija

Dunda, Bagamoyo, 15 Machi 1974

Mke mwenzangu Mwaija,

Marahaba. Nashukuru Mola, napumua. Mwandiko ni wangu, nimeupata kwenye kisomo cha watu wazima, usicheke. Nimebonyeza, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Jirani yetu Zaina kasema, "Hiyo mikono ya watu, tukatazamie kwa mganga." Papa nimempunguza, kumuacha siwezi, mchuzi bila papa ni maji ya kunawia. Hospitali siendi. Babu yako aliingia kwa miguu yake, tukamtoa kwa jeneza.

Mke mwenzio,
Bibi

Dar es Salaam, 24 Machi 1974

Bibi,

Shikamoo. Unalalaje, kifua hakikubani? Jana mwalimu alitupasulia moyo wa mbuzi, tuone milango yake ya damu. Akaniuliza swali, nikamwomba alirudie. Nilikuwa nauwaza wako. Babu alipelekwa siku ya mwisho. Wewe nenda siku ya mwanzo. Sina bibi mwingine.

Mjukuu wako,
Mwaija

Dunda, Bagamoyo, 2 Mei 1974

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya. Nilikuwa wodini. Barua yako ilinikera, nikakaa nayo siku mbili, ya tatu nikamwambia Zaina, "Nisindikize, nisije nikageuka njiani." Daktari kasema moyo umechoka, haujagoma. Kanipa vidonge vya kukojoza. Nilikwenda msalani hata wagonjwa wenzangu wakawa wananipisha njia! Papa sasa nampikia mgeni, mimi nanusa. Na Zaina hasemi tena mikono ya watu. Mtaa mzima anaubonyeza miguu, akiwaambia maji hufuata chumvi.

Jana nimepanda barazani bila kuhema, nikanyoosha miguu kwenye jamvi. Nikaangalia, nikaangalia tena. Nikamwita Zaina kwa sauti:

"Njoo umuone mgeni! Kifundo changu kimerudi!"

Mke mwenzio, mwenye vifundo viwili,
Bibi