Bendera Ina Kofia, Shati na Kaptula

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Vidole vyako vinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mama amepona kikohozi, na Baba bado anagombana na redio yake kila asubuhi. Cherehani yako tumeifunika shuka. Hakuna anayeruhusiwa kuiwekea hata kikombe.

Tangu nimalize shule nasaidia kwenye chekechea ya hapa mtaani, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Wiki ya pili mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia, "Binti, moyo unao. Sauti je? Haifiki hata dawati la pili." Nilirudi nyumbani kichwa chini. Sijawahi kupenda kitu kama kazi hii, Shangazi, na nilijua naipoteza kwa haya zangu.

Juzi mimi na mwalimu mkuu tuliwapeleka watoto kuona Mnara wa Uhuru. Kabla ya hapo niliwafundisha alama za taifa wiki nzima. Ngao waliichora, wimbo waliuimba kwa kuruka mistari. Bendera ndiyo ilitutoa jasho: kila mmoja alipanga rangi kivyake. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia kule karakana ya bendera, nikikuokotea pini chini ya meza yako, kwamba bendera ni mtu: ina kofia ya njano, shati jeupe na kaptula ya kijani. Nilipowaambia hivyo, hakukosea tena hata mmoja.

Siku hiyo hapakuwa na upepo. Bendera ilijilalia kwenye mlingoti, ikaonekana pembe tu. Mlinzi wa mnara, mzee mwenye sare iliyonyooka kwa pasi, alikuwa anatueleza urefu wa mnara wakati msichana mmoja tunayemwita Kasuku alipopaza sauti: "Mwalimu! Bendera imevaa kaptula kichwani!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"We mtoto, usiitukane bendera," mlinzi akasema. "Naipandisha tangu huyo mwalimu wako hajazaliwa."

Kasuku akanitazama, machozi yakimlengalenga. Mwalimu mkuu naye akanitazama.

Nikasema, tena kwa sauti, "Shikamoo mzee. Mtoto hajatukana. Tafadhali ishushe, utazame kwenye upindo unaopitisha kamba. Pembe ya juu fundi ameshona alama ndogo ya kuzidisha, kwa uzi mwekundu."

Akaishusha taratibu. Alama ilikuwa chini. Na ilikuwa yako, Shangazi! Mkono wako naujua, ule mstari mmoja unaomzidi mwenzake urefu. Niliugusa.

Mzee akakohoa. "Miwani nimeisahau nyumbani," akasema, kisha akavua kofia mbele ya Kasuku. "Nisamehe, afande." Akawapanga watoto wote wasimame wima, akaipandisha upya.

"Nani kaishona?" Kasuku akauliza, maana hanyamazi muda mrefu.

"Shangazi yangu!" nikajibu, na safari hii hata watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka.

Tulipoingia kwenye basi, mwalimu mkuu akaja kuketi kando yangu. "Jumatatu uje na cheti chako," akasema. "Tuandikishane mkataba."

Shangazi, siku unaondoka ulisema umemaliza miaka ishirini ukishona kitu ambacho watu wote hukitazama na hakuna anayemjua fundi wake. Sasa watoto kumi na sita wanamjua. Jana tulipita pale, wakaipungia mikono: "Shikamoo, bendera ya Shangazi!"

Nisalimie Mjomba na wale mapacha. Waambie kofia ni ya njano. Mama na Baba wanakusalimu sana. Mungu avipe vidole vyako joto na nguvu, na akurudishe uione ilivyosimama.

Wako akupendaye,
yule mliyekuwa mkimwita Kimya.