Meno ya Nyamizi Hayasuguliwi Tena

Wifi Asteria,

Michembe ya viazi iko jikoni, imeshaiva. Mtindi ufunike, paka ameshauzoea. Enock, mdogo wake Nyamizi, umpe maji ya mvua tu, yale ya simtanki. Ya kisimani ni ya kufulia.

Na usiyachemshe ukidhani yatakuwa mazuri. Daktari wa meno alituambia: moto unaua vijidudu, lakini floraidi, ile chumvichumvi ya kisimani inayotia meno rangi, haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea.

Asubuhi nimekukuta umembana Nyamizi mlangoni, unamsugua meno kwa majivu na mchanga mpaka fizi zinatoka damu, eti asitutie aibu kwenye picha ya kumaliza darasa la saba. Wifi, ule si uchafu! Ule ukahawia uliingia jino likiwa bado ndani ya fizi, alipokuwa mdogo anakunywa maji ya kisima kilekile mlichokulia wewe na kaka yako. Mbona ninyi wawili hamsuguani?

~~Unisamehe kwa nilivyokufokea.~~ Hapana. Nilifoka, na nitafoka tena.

Enock ana miaka miwili, meno yake ya ukubwani bado yanajijenga huko ndani. Huyo tutamwahi. Ndiyo maana nakusisitiza simtanki.

Nyamizi nimempeleka shuleni mwenyewe. Nimemwambia hivi: mpiga picha akisema tayari, acheke mpaka jino la mwisho lionekane. Picha ikitoka naitundika sebuleni, mkabala na kiti chako.

Mama Nyamizi