Susana na Tope la Ndiva ya Juu

Mamba, Upare,
kwa Posta ya Same.
25 Novemba, 1956

Mpendwa kaka Hezroni,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui tena na kazi ya mkonge huko Tanga inakwenda. Sisi hatujambo, ila shemeji yako Yudith anaumwa jino na hataki ling'olewe.

Sasa nisikilize, maana nimevimba kichwa na sitaki kuficha. Ni habari ya binti yangu, mwanao Susana, mwalimu wetu.

Unazikumbuka ndiva zetu mbili, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba. Ya juu maji hufika magotini na kiangazi hukauka. Ya chini ni kina cha watu wawili, haikauki. Miaka miwili Susana amechunguza vidudu wa topeni, wadogo kama punje za ulezi, jamaa ya hao kamba mnaowala pwani. Alisema wa kwenye kina kirefu huzaa taratibu mwaka mzima. Wa ndiva ya juu hukua upesi, hutaga na kufa kabla maji hayajaisha, na mayai yao hungoja mvua ndani ya tope kavu. Watu walimcheka. Mimi pia, kaka, nilicheka.

Bwana mmoja mtaalamu wa maji akaandika kwamba atakuja kuona, na akiridhika atampendekeza kusoma Makerere. Susana akachomeka vijiti vya alama kwenye tope la ndiva ya juu, pale mayai yalipo, pasiguswe.

Wiki mbili kabla ya ugeni, mimi msimamizi wa ndiva nikapiga baragumu la kuzoa tope, kama tufanyavyo kila kiangazi. Vijiti nilivisahau, Mungu anisamehe. Ukoo mzima ukaja na majembe. Hadi adhuhuri tope la ndiva zote mbili lilikuwa kwenye migomba yangu, la juu kulia kwa njia, la chini, tulilolichota ukingoni mwa maji, kushoto. Susana alirudi toka shule akasimama ukingoni. Aliniambia tu, "Baba, umenimaliza." Sikula siku hiyo.

Siku kadhaa jua likalichoma lile tope. Kisha nikamwona migombani akiokota mabonge yaliyokauka kama tofali. Akayatia kwenye mabeseni mawili ya mama yake, ya kulia peke yake na ya kushoto peke yake, akamimina maji yaliyochemshwa na kupoa. Siku ya nne vidudu waliogelea kwenye beseni la ndiva ya juu. La pili, kimya.

Yule mtaalamu alipofika alipiga magoti uani kwetu saa nzima, akitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akauliza nani aliyewaza kulikaushia tope mbali na ndiva, hata isidhaniwe vidudu wametoka majini. Nikatazama miguu yangu. Susana akajibu, "Baba yangu."

Juzi barua ilifika. Mwanao amekubaliwa Makerere.

Wasalimie shemeji Eliakunda na watoto wote. Bwana aliyewalinda baba zetu milimani awalinde na ninyi bondeni. Na mwakani baragumu nitalipiga, kaka, ila kwanza nitamwandikia Susana huko Makerere, nimwombe ruhusa.

Mdogo wako akupendaye,
Elirehema