Onyo Nililomwekea Kaka

Uko wapi? Nimemwita kaka yangu mwizi mbele ya mama. Mwizi, kwa sauti.

Unajua mwisho wa kumtumia mhariri mashairi ulikuwa leo saa sita mchana. Tangu asubuhi barua pepe zinagoma. Kompyuta yangu inasema haiioni seva, ile aliyoiweka kaka chumbani kwake kwa barua za nyumba nzima. Simu ya mama inatuma. Ya shemeji inatuma. Mimi tu ndiye nimekwama. Wewe ungefikiri nini?

Nikamwambia, "Mwizi wewe, unaniibia nafasi yangu! Umenifungia makusudi. Wivu huo."

Akanyoosha mkono. "Lete kompyuta, mshairi."

Kumbe wiki iliyopita alibadilisha anwani ya seva. Wengine wote wanaipata kwa kuiuliza ruta, kile kisanduku cha intaneti cha nyumba. Kompyuta yangu haiulizi, kwa sababu mwaka jana, nilipokuwa nimemnunia, niliandika anwani ya zamani kwa mkono wangu ndani ya faili moja la kompyuta, ili nisimwombe msaada. Na juu yake niliacha onyo: "Anwani hii ni yangu, mkono wako usiiguse."

Akalisoma kwa sauti. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kaka akafuta mstari wa anwani, mashairi yakaondoka saa sita kasoro dakika tatu. Lakini alijuaje kufungua faili lile moja kwa moja? Bado simwamini.

Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu kipande cha pili cha onyo lako kina mizani kumi badala ya nane."

Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Ni kumi. Sasa mtu kama huyo nitamwombaje radhi?