Uso Wako Chini ya Kilemba Cheupe

Mpendwa mama, niliyekuita "baba", maana ndivyo mama aitwavyo kwa Kikisii chetu,

Unakumbuka ile Jumatatu uliyokwenda kupasuliwa hospitalini, kabla ya sherehe za miaka kumi ya uhuru? Ulipitia studio pale Nyamira nilipokuwa nikijifunza kupiga picha, umevaa sare ya Dorkasi, akina mama wa kanisa, na kilemba cheupe pe. "Nipige, nisije nikakosa hata picha moja," ukasema. Maishani hukuwa umepigwa picha. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa amesafiri, na kwenye filamu ilibaki nafasi moja tu.

Niliogopa, mama. Wewe ni mweusi ti, na kile kilemba kilikuwa kinawaka. Wiki iliyotangulia nilimpiga picha bwana harusi wa Marani, mweusi kama wewe, nikapima mwanga kwenye gauni la bibi harusi. Alitoka meno na kola tu, uso giza. Shangazi zake walilia, wakasema ni dalili ya kifo. Fundi akanionyesha karatasi inayokuja na filamu, yenye michoro ya jua na mawingu. "Hii karatasi haijui Wakisii," akasema. "Achana na nguo, pima shavu. Mtu akiwa mweusi, fungua lenzi zaidi, mwanga uingie."

Basi nikapima shavu lako, nikafungua lenzi, nikasita, nikafungua tena kidogo. Kilemba kikiungua kwa mwanga hadi kipotee pichani, na kiungue. Ukanicheka: "Mbona unahema hivyo? Kwani ni wewe unapasuliwa? Mimi siogopi." Ukaondoka, na hukurudi.

Miezi mitatu filamu imekaa kwenye kopo lake. Kila nikiishika nairudisha, kwa sababu ukitoka giza tupu hakuna picha nyingine. Mzee, mumeo, ananiulizia picha kila Sabato.

Leo nimeisafisha na kuichapa picha. Kilemba kimeungua chote, lakini uso umetoka, mama. Naona kovu la ndui shavuni. Naona macho, nayo yamejaa hofu. Ulisema huogopi, sote tukakuamini, tukakuacha uende peke yako. Sasa mzee amekaa nje anangoja picha, na naogopa kumpa, kwa kuwa ataona ninachokiona.

Pumzika, mama. Nisamehe. Siku ile nilitazama mwanga tu, sikukutazama wewe.

Binti yako