Mwisho Niliomsomea Mama

S.L.P. 214,
Runyenjes.
16 Novemba 2025

Mpendwa Dada Kawira,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani Kianjokoma. Natumaini wewe na shemeji Bundi hamjambo huko Adelaide, na kwamba ule mgongo umekuachilia ulale. Sisi tuko. Mvua imekuja vizuri na majani chai yanachumika. Mama ana nguvu, ila macho ndiyo yale yale. Daktari wa Embu anasema presha ya macho imetulia, lakini kuona hakutarudi.

Utashangaa kupata barua siku hizi. Simu Mama huipenda ikiwa kwa spika, na pia kwenye simu ningejitetea. Nataka usome haya peke yako, polepole, kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Unavikumbuka vile vitabu vya hadithi za Igoki, mjane wa shamba la kahawa. Wewe ndiwe uliyeleta cha kwanza hapa nyumbani ukiwa kidato cha pili, na Mama akakimaliza kabla yako. Tangu macho yake yaharibike mimi ndiye humsomea, kila siku baada ya chakula cha mchana. Cha tano kilitoka Agosti, baada ya kungojewa miaka sita.

Huku kimegawanya watu. Misheck, karani wa kituo cha majani chai, anasema mwandishi amechoka na angeachia cha nne. Mke wa pasta anasema alilia kwa furaha. Mwalimu Nelius, yule aliyetufundisha darasa la sita, amekisoma mara mbili na anasema ndicho bora kuliko vyote. Wote wanagombania mwisho. Igoki anagawa shamba lake nusu kwa nusu kati ya binti zake wawili: mmoja aliyebaki akamtunza, na mwingine aliyeenda ng'ambo, ambaye hajarudi kwa miaka kumi na mmoja.

Nilikisoma kwanza peke yangu, nikakifunga kwa hasira. Siku ya kumsomea Mama ile sura ya mwisho, macho yangu yalikuwa kwenye ukurasa lakini mdomo ulisema mengine. Nilimfanya Igoki aite wazee na kumpa aliyebaki shamba lote. Yule wa ng'ambo nilimwachia picha ya baba yake.

Mama akasema, "Ni haki. Aliyebaki ndiye aliyechoka."

Laiti ningeishia hapo. Baada ya siku tatu aliniambia amefikiria juu ya shamba la chini, lile la kahawa lililokuwa liwe lako. Alitaka kuongea na Mjomba Njura liandikwe kwa jina langu. Nilimjibu, "Vile utaona, Mama." Hayo tu, Dada. Wiki tatu nilipika, nikafua, nikangoja.

Alhamisi moja akina mama wa kanisa walikutana kwa Mwalimu Nelius, wakaanza tena juu ya Igoki. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Mama akawaambia wanabishana bure, kwa sababu Igoki alimpa aliyebaki kila kitu. Wakacheka.

"Mama Kawira, wewe ulisomewa kitabu gani?" akauliza mke wa pasta.

"Hiki hiki. Nilisomewa na Fele, neno kwa neno."

Mwalimu Nelius hakucheka. Alichukua nakala yake akasoma kurasa mbili za mwisho kwa ile sauti yake ya darasani. Alipomaliza, Mama aligeuza uso kuelekea mahali aliposikia vikombe.

"Fele, ni hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

Aliomba fimbo yake. Tulitembea mpaka nyumbani akiwa ameshika mkono wangu, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kushika. Tulipofika langoni akasimama.

"Na Biblia? Hiyo umekuwa ukinisomea vile imeandikwa?"

Nilimwambia ndiyo, na ni kweli. Lakini niliona hana hakika, na sikuwa na njia ya kumhakikishia.

Jioni hiyo nilimweleza yote, hata ile hesabu ya moyo juu ya shamba la chini. Alisema alikuwa amejiuliza mbona Igoki siku hiyo anaongea kama mimi. "Nilidhani mwandishi anakujua," akasema.

Dada, nilijidanganya kwamba nilikuwa nimekasirikia kitabu kama wengine. Nilikukasirikia wewe. Wewe uliye mbali Mama anakutaja kwa sauti laini, na mimi niliye jikoni huniuliza mbona chumvi imezidi. Hilo si kosa lako. Hujakosa kupiga simu Jumapili hata moja, na mimi nilikuibia shamba katika hadithi, kisha nikakaa kungoja liwe kweli. Naomba unisamehe, na ukishindwa kwa sasa nitaelewa.

Jumamosi Mama alitaka nimsomee ile sura upya. Alimwita Mwalimu Nelius akae kando yangu na nakala yake, awe akifuata kwa kidole. Nilisoma kila neno mbele ya mwalimu wangu, mimi mwanamke wa miaka arobaini na minne, kama mtoto aliyeshindwa kusoma.

Nilipomaliza Mama alitikisa kichwa. "Sijapenda," akasema. "Igoki angemfikiria zaidi huyo aliyebaki. Lakini hiyo ni shida yangu na mwandishi. Wewe hukuwa na kazi hapo."

Hayo ndiyo yanayonichoma mpaka sasa. Kama ningemsomea vile ilivyoandikwa, angekuwa upande wangu. Na juu ya shamba hajasema neno tena, nami sijauliza. Jumapili ukipiga, barua hii ikiwa imekufikia, atataka kuongea nawe juu ya haya. Nitawasha spika kisha nitoke nje.

Msalimie sana Bundi, na umwambie mwanao Mwendwa shangazi zake wa kanisani bado wanamuulizia. Mjomba Njura na Mwalimu Nelius wanakusalimu. Mungu akutunze huko ulipo, na akupe moyo wa kunisoma kwa huruma.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hakuonyesha,
Felicitas