Saa Niliyoipa Jina la Marehemu

Masuguru, Jumanne jioni

Hivi walikaa kikao kizima kuchagua jina hilo? Saa aliyonitumia binti yangu Rehema, ya kunipimia mapigo ya moyo, inaitwa Trivonza. Kwenye boksi kuna kijana anakimbia mlimani. Mimi nina presha na magoti mabovu.

"Si ulibadilishe, mama? Andika unalolipenda," aliniambia kwenye simu.

Nikaandika Baba Rehema. Ndivyo nilivyomwita mume wangu miaka yote. Jina lake sikulitamka hata siku ya mazishi.

Leo nimetoka na saa mkononi kuchuma mchicha, simu iliyounganishwa nayo nimeiacha ndani. Niliporudi, simu ilikuwa imeandika: "Mawasiliano na Baba Rehema yamepotea."

Nilisimama pale mpaka ikaandika yamerudi. Sasa hata chooni naenda na simu.